Dakika Tatu za Simu ya Nairobi

Moyo wangu ulianza kunigomea nikiwa kwenye cherehani. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa sare za shule katika duka moja mjini Kisumu. Cherehani yetu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Nilizoea kushona kola kumi na mbili bila kuinua kichwa. Zikawa nane. Zikawa tano, halafu nikawa nashona kola moja na kukaa nikiitazama kama niliyeipenda sana. Mwenye duka alidhani nimepata mchumba. Mama alidhani nina mimba, akanichunguza kwa jicho la pembeni wiki mbili nzima, kisha akakata tamaa.

Daktari wa moyo alikuwa akija Kisumu mara moja kwa mwezi. Alinisikiliza kifuani, akanisikiliza mgongoni, akarudi tena kifuani, halafu akaniuliza kama utotoni niliumwa koo mara kwa mara. Nikamwambia kila mtoto wa ziwani anaumwa koo. Akasema ni kweli, na wengine wao wanaishia kwake. Maradhi ya koo yalikuwa yameharibu mlango mmoja ndani ya moyo wangu. Ulikuwa umekakamaa, haufunguki sawasawa, na damu ilikuwa inapita kwa taabu. Ilibidi nipasuliwe. Upasuaji wa namna hiyo haukufanyika kwetu. Ulifanyika Nairobi, kwenye hospitali kubwa.

"Yaani hiyo tundu imekuwa ndogo?" Baba aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Imekuwa ndogo mno."

Baba alikuwa amestaafu kazi ya bwana samaki. Kwa miaka mingi alizunguka Dunga na fuo nyingine za ziwa akipima matundu ya nyavu za wavuvi, na nyavu zenye matundu madogo kupita sheria alizichukua. Alitikisa kichwa kwa uzito.

"Hiyo makosa naijua," akasema. "Nimeshika watu wengi juu yake."

Daktari alitueleza utaratibu. Yeye angetuma faili Nairobi. Sisi tungepiga simu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, tuongee na ofisi iliyopanga tarehe za upasuaji, na tuwaambie hali ya mgonjwa. Foleni yenyewe haikufuata nani alitangulia kufika. Ilifuata nani amezidiwa. Alirudia jambo hilo mara mbili, akimtazama Baba. "Waambieni hali ilivyo," akasema, na Baba akamhakikishia kwamba simu ataipiga yeye mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ilituchukua miezi sita kujua.

Nyumbani hatukuwa na simu. Ya dukani ilikuwa imefungwa kufuli, na ufunguo mwenye duka aliuvaa shingoni. Kwa hiyo tulikwenda posta. Uliandika namba kwenye kikaratasi, ukalipia dakika tatu, ukakaa kwenye benchi mpaka karani alipoita, "Nairobi, chumba cha pili." Ukaingia kwenye kile kichumba cha mbao, ukashika mkono wa simu, na dakika tatu zilipofika sauti ya opereta iliingia katikati ya neno lako na kusema muda umekwisha. Baba aliitii sauti hiyo kama alivyoitii serikali yote. Hakuwahi kuomba nyongeza.

Kwa kupiga simu alivaa koti na tai, na viatu alivipaka rangi tangu Jumapili. Nilimwambia kwamba yule mtu wa Nairobi hamwoni. Akanijibu kwamba yeye anajiona.

Inafaa nieleze salamu za Baba. Mtu ambaye kazi yake ni kuchukua nyavu za watu ni lazima ajue kusalimu, la sivyo atatupwa ziwani. Baba alikuwa akifika kwa mvuvi, anaulizia usingizi wake, mke wake, watoto mmoja mmoja, ng'ombe, mama mkwe. Anakaribishwa kiti, anakunywa uji. Anasema mambo yote ni mazuri, na mvuvi naye anasema ni mazuri. Kisha Baba anaweka kikombe chini na kusema, "Isipokuwa hii nyavu yako." Wavuvi walisema hakuna mtu aliyewahi kuwanyang'anya vizuri kama yeye.

Wala hakuwa peke yake. Kwetu hakuna anayekuletea balaa mlangoni. Mwaka ule ule watu walikuja kutoka upande wa Katito wakaketi, wakapewa maji, wakasema mvua ya huko ni nzuri, mahindi ni mazuri, watu wote ni wazima kabisa, isipokuwa dada yake Baba ametuacha jana asubuhi. Mambo mazuri ndiyo yalitangulia, ili mtu awe ameketi wakati baya linapofika. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sikuwahi kuona kasoro yake.

Simu ya kwanza niliisikiliza nikiwa kwenye benchi, kwa sababu Baba aliacha mlango wa kichumba wazi. Alikuwa mtu wa kuongea na simu kwa sauti ya kufika Nairobi bila msaada wa waya.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema. "Mimi ni baba ya yule msichana wa Kisumu, yule wa moyo… Mzuri sana, mama. Sijui nyinyi huko?… Mgonjwa? Mgonjwa ako tu mzuri, tunashukuru Mungu. Watu wa nyumbani pia wako sawa. Sijui mvua ya huko inaendelea aje?"

Mvua ya Nairobi ilichukua dakika nzima. Halafu nikamsikia akisema, "Sasa, mama, isipokuwa…" na hapo akakatwa, akautazama mkono wa simu, akaurudisha mahali pake taratibu.

"Umesemaje?" nikamuuliza.

"Tumeongea vizuri," Baba akasema. "Ni mtu wa heshima sana."

Mwezi wa pili wa simu hizo mazungumzo yalifika kwenye mguu wa mama yake yule karani wa Nairobi, uliokuwa unavimba goti. Mwezi wa tatu goti lilikuwa limepata nafuu, na Baba akapewa salamu atuletee. Mama alizipokea salamu hizo kwa mikono miwili. Alikuwa muuza omena, dagaa wa ziwani, na alijua kuthamini mteja wa mbali. Akataka kumtumia yule mama mwenye goti omena kwa basi, tukamzuia. Tulikuwa tumepata rafiki Nairobi. Mimi wakati huo nilikuwa napumzika mara mbili kati ya nyumba na bomba la maji.

Mwezi wa nne Baba alikuwa Katito kwenye matanga ya dada yake, kwa hiyo simu niliipiga mwenyewe. Nilijiandaa. Nilikaa kwenye benchi hadi pumzi ikatulia kabisa, nikaingia chumbani, nikasema jina langu na kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Kumbe ni wewe!" yule mama akasema. "Unaongea vizuri kabisa. Baba yako hajambo?"

Nikasema hajambo. Naapa nilisema hajambo, nikaulizia goti, na nikakatwa nikiwa kwenye neno "lakini."

Mwezi wa sita wa kungoja nilikuwa silali tena. Nilikuwa naketi kitandani nimeegemea ukuta, kwa sababu nikilala chali nilihisi kama kifua kinajaa maji. Miguu ilivimba mpaka viatu vya kanisani vikanikataa. Cherehani nilikuwa nimeiacha. Siku ya kliniki Baba alinishika mkono kutoka barabarani hadi mlangoni, na tukawapita wagonjwa wenzangu wa moyo kwenye benchi, wamevimba kama mimi, mmoja akiwa na midomo ya buluu. Tuliwasalimu. Wote walikuwa wazuri.

Daktari naye akaniuliza habari, na nikamjibu mzuri nikiwa nimeshikilia ukuta kwa mkono mmoja. Mbele yake palikuwa na barua kutoka Nairobi. Aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba kwa kuwa hali ya mgonjwa imeendelea kuwa nzuri kwa miezi mitano mfululizo, na kwa kuwa mwezi mmoja mgonjwa aliweza kupiga simu mwenyewe, nafasi yake wamepewa wengine waliozidiwa, naye ataangaliwa tena mwaka ujao.

Daktari aliitazama barua, akaitazama miguu yangu.

"Nani aliwaambia ni mzima?"

"Ni mimi," Baba akasema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Waliniuliza habari yake."

Daktari alivua miwani. Hakuwa mtu wa kwetu, lakini alikuwa amekaa Kisumu kiasi cha kuanza kuelewa, na niliona jambo likimwingia polepole. Akasema waliotangulia walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

"Sikuficha," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilikuwa bado sijafika hapo. Kila mara nikikaribia, wanakata."

Daktari alisema ataandika barua siku hiyo hiyo, lakini barua ingechukua wiki mbili, na Nairobi walikuwa wanaketi kupanga tarehe Jumatatu iliyofuata mchana. Yeye Jumatatu angekuwa njiani kuelekea kliniki za ng'ambo ya ziwa. Ilibidi Baba apige simu asubuhi, na aseme. Aliandika mistari minne kwenye karatasi, akampa. Kisha akamwomba Baba watoke nje kidogo. Nilibaki nikijaribu kuvaa ndala, kazi ambayo siku hizo ilikuwa na hatua kadhaa. Baba aliporudi uso wake ulikuwa ule ule.

"Daktari amesemaje?"

"Amekusalimia," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Mwaka ujao ulikuwa umebakiza miezi mitano, na mimi nilikuwa nahesabu kupanda ngazi kama safari.

Jumapili baada ya kanisa Baba na Mama walifanya mazoezi ya simu. Mama alikuwa ndiye Nairobi. Alishika kiatu kimoja cha Baba sikioni, Baba akashika cha pili, wakaketi wakipeana mgongo ili wasionane, kama kwenye simu ya kweli.

"Hospitali hapa," Mama akasema. "Habari yako, Mzee?"

"Mzuri sana, mama."

Mama akaweka kiatu chini. Wakaanza tena. Mara ya pili Baba alisema mzuri kabla hajaulizwa. Mara ya tatu hakusema kitu kabisa, akakaa na kiatu sikioni huku jasho linamtoka.

"Ukinyamaza atajuaje?" Mama akamuuliza.

"Atajua kuna jambo."

"Kwa dakika tatu?"

Baba akakitazama kiatu.

"Basi nitapiga mimi," Mama akasema.

"Wewe utalia."

"Ndiyo, nitalia."

"Ukilia, dakika tatu zitaisha vilevile."

Nilikuwa nimeegemea ukuta chumba cha pili, pazia likiwa wazi, nikiwasikiliza wazazi wangu wakishindwa kusema kwamba mimi ni mgonjwa. Nilitaka kucheka, lakini kucheka kulihitaji pumzi. Halafu nikakasirika, hasira ya kweli, na ilinishangaza kwa ukubwa wake. Nyumba nzima ilinibeba kwa mikono, ilinipikia bila chumvi, ilinipa mto wa tatu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kutamka ninaumwa nini. Hata mimi sikuwa nimetamka. Baba aliamini kwamba jambo baya ukilitaja kabla halijafika unalionyesha njia. Nilijua anaamini hivyo na nilijua anajaribu kuniokoa kwa kunyamaza, nami nilikuwa nakufa kwa adabu hiyo.

Jumatatu alivaa koti na tai. Posta ina ngazi mbele, na nilizipanda kwa kupumzika kila ngazi, Baba akisimama nami bila kuangalia saa. Tulikuwa wa tatu kwenye foleni. Karani akaita Nairobi, chumba cha pili. Baba akaingia na kuacha mlango wazi kama kawaida, ile karatasi ya daktari ikiwa mkononi.

Nilisikia sauti ndogo ya yule mama kwenye simu, ina furaha ya kumtambua. Sikusikia maneno, lakini nilijua anauliza nini. Baba alikunjua karatasi. Alishika fundo la tai. Benchi lote lilikuwa linamtazama, kwa kuwa watu walikwisha kumzoea na walikuwa wanangoja mvua.

"Mama," Baba akasema, "leo sisalimii."

Akaukaza mkono wa simu sikioni.

"Mtoto wangu anakufa."

Alisema kwa ile ile sauti ya kufika Nairobi bila waya. Mwanamke aliyekuwa anabandika stempu aliacha kubandika. Baba aliinua karatasi ya daktari na kuisoma mstari kwa mstari: halali ila ameketi, miguu imevimba hadi magotini, hatembei hatua ishirini, kikohozi chake kina damu. Hilo la damu nilidhani ni siri yangu. Nilikuwa naosha vitambaa mwenyewe. Aliulizwa maswali, na kila swali akalijibu kwa neno moja au mawili. Ndiyo. Hapana. Tangu mwezi wa tatu. Ndiyo, mama, kila siku.

Mimi nilikuwa kwenye benchi nikitazama viatu vyake. Nilikuwa najua. Mwili ulikuwa umeniambia zamani. Lakini sikuwa nimeambiwa na mtu, na mtu wa kwanza kusema alikuwa Baba, tena alimwambia mgeni, kwa Kiswahili, mbele ya foleni ya stempu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na kitu kingine, nilichokitambua baadaye kuwa ni faraja. Sikuwa tena peke yangu nacho.

Yule mama wa upande wa pili alienda mahali, akarudi. Baba akasema, "Alhamisi. Na nguo za kulala. Nimeandika." Kwa mara ya kwanza katika miezi sita opereta alikuwa bado hajaingia. Palibaki muda. Baba aliutazama mkono wa simu kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia, akausogeza tena mdomoni.

"Na hiyo mguu ya mama yako," akauliza, "inaendelea aje?"

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda kwenye bomba, akajaza kiganja maji, akasukutua mdomo mara tatu na kutema mbali. Kisha akavua tai.

Alhamisi tulikuwa Nairobi. Yule karani wa simu alitoka ofisini kuja kutuona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta ya kusuka mwenyewe, na alipoona miguu yangu macho yake yalijaa machozi.

"Mzee," akasema, "mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuwa nakuja huko," Baba akamjibu. "Simu ndiyo ilikuwa inakatika."

Walinipasua wiki iliyofuata. Kuhusu siku hiyo sina la kusimulia, maana wengine wote walikuwepo isipokuwa mimi. Nakumbuka kuamka na bomba kooni, kisha kuamka bila bomba, kisha siku ya tatu au ya nne nikahamishiwa wodi yenye madirisha, na saa ya kuona wagonjwa Baba akaingia na koti lake na tai yake. Alikuwa analala kwa binamu yake upande mwingine wa mji na kila siku alikuja kwa miguu, kwa kuwa hakuyaamini mabasi ya huko.

Alivuta kiti. Akaweka kofia magotini.

"Habari yako, nyara?" akaniuliza. Nyara kwa lugha yetu ni "binti yangu," na hakupenda kuniita hivyo mbele za watu.

"Mzuri, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hakuuliza mvua wala hakunipa salamu za Mama, ingawa alikuwa nazo. Alikaa akinitazama usoni, akingoja, na nilipoendelea kunyamaza akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Isipokuwa?" akasema.

Nikamwambia. Nilianzia kwenye mfupa wa kifua, walipokuwa wameupasua, nikaenda mbavuni, nikaenda mgongoni, nikamwambia koo linawaka na mate hayamezeki. Nikamwambia kwamba usiku nasikia moyo unapiga kwa sauti mpya na ninauogopa. Nikamwambia niliwahi kuwakasirikia, yeye na Mama, siku ile ya viatu. Nikamwambia kwamba pale posta nilimsikia. Alikuwa anaitikia kila neno kwa mguno mdogo, kama alivyofanya akipima wavu, tundu baada ya tundu, bila haraka.

Sista wa wodi akaja, akasimama miguuni pa kitanda na kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Baba hakugeuka. Aliinua mkono mmoja kutoka kwenye kofia.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Mtoto bado hajamaliza."